Iko na degre ngapi? Kupima kilevi cha divai ya nyumbani

Kilevi cha divai hupimwa siku ambayo bado hakuna kilevi ndani yake. Hilo ndilo lililotuchukua muda mrefu kulielewa, na ndilo linalowaponyoka wengi wanaotengeneza divai ya nanasi, marakuja au ndizi hapa Bukavu. Wanachachusha, wanasubiri miezi miwili, wanachuja, wanaonja, kisha ndipo wanatafuta chombo cha kutumbukiza kwenye glasi kiwaambie iko na degre ngapi, yaani asilimia ngapi za kilevi. Chombo cha bei ya mtu wa kawaida, kinachotumbukizwa kwenye divai yoyote iliyokwisha iva na kusema kweli, hakipo. Kilichopo ni densimetre, ambayo wengine huiita haidromita, nayo haijui kilevi hata kidogo. Inajua uzito wa maji yaliyo chini yake tu. Ukiisomea mwanzo na mwisho, tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inakupa kilevi. Ukiwa na ya mwisho peke yake, huna kitu.

Ulimi nao usiuamini. Sukari hufunika kilevi, uchachu na gesi hukikuza. Divai tamu ya 13 hupita kooni kama juisi, na ya marakuja yenye 8 tu huonekana kali kwa sababu ya uchachu wake.

Densimetre ni mrija wa kioo wenye uzito chini na karatasi ya namba ndani ya shingo. Kwenye juisi yenye sukari nyingi huelea juu. Sukari ikigeuka kilevi, inazama. Zile za mtindo wa Kifaransa huandikwa bila nukta: maji safi ni 1000, juisi iliyo tayari kuchachushwa ni 1080 hadi 1100, divai kavu iliyomaliza ni 990 hadi 998. Nitatumia namba hizo. Kama yako imeandikwa 1.090, ni ileile 1090. Angalia kwamba ngazi yake inaanzia chini ya 1000 na kupita 1100. Ile ya wauza maziwa hutembea kati ya 1015 na 1040 tu, haifiki popote. Ile ya fundi wa betri gereji huanza karibu na 1100, tena imekwisha loweshwa asidi. Iache hukohuko gereji.

Kabla ya kuiamini, ijaribu. Itie kwenye maji safi ya joto la nyuzi 20: isome 1000. Ikisoma 1002, karatasi ya ndani imeteleza. Usiitupe, andika kwenye boksi lake "toa 2" na uzitoe kila mara. Kisha jaribu juu zaidi: pima gramu 100 za sukari, ongeza maji hadi jumla ifike gramu 1000, koroga mpaka hakuna chembe. Isome 1040. Ikiwa maji yanasoma sawa na sukari haisomi sawa, ama mizani yako ina kasoro ama ngazi ya densimetre ilichapwa vibaya, na hiyo ya pili haina dawa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Toa namba ya mwisho kwenye namba ya mwanzo, gawanya kwa 7.6. Divai iliyoanza 1090 ikaishia 995 imeshuka 95, na kila moja ya hizo tunaiita nukta. 95 kwa 7.6 ni 12.5. Hiyo ni asilimia ya kilevi kwa ujazo. Wanaotumia ngazi yenye nukta huzidisha tofauti kwa 131.25 na kupata jibu lilelile.

Namba hiyo 7.6 haikuanguka mbinguni. Hamira, yaani levire, inapokula sukari hutoa karibu nusu kilevi na nusu gesi, na gesi inatoka kwenye bidoni, yaani dumu, na kwenda zake. Kinachopungua ni uzito wa gesi hiyo: karibu gramu 7.6 kwa kila lita, kwa kila asilimia moja ya kilevi. Kwa hiyo hata asiye na densimetre anaweza kupima. Weka bidoni lako lenye lita 20 za juisi pamoja na kizibo na tiyo yake (mrija wa kutolea gesi) kwenye mizani siku ya kwanza, andika kilo. Likimaliza kuchemka, kabla hujachuja wala kuonja, lipime tena. Kama limepoteza kilo 1.8, ni gramu 90 kwa lita. Gawanya kwa 7.6, unapata karibu 11.8. Mizani ya kupimia unga inayoonyesha gramu 50 inatosha, maana gramu 50 katika lita 20 ni theluthi moja tu ya asilimia. Ila povu likimwagika nje siku ya pili, hesabu imekufa, kwa sababu umepoteza juisi na si gesi. Acha nafasi ya kutosha juu. Lita 20 zikae kwenye bidoni la 25.

Sasa siku ya kwanza yenyewe, maana hapo ndipo makosa yote hulala.

Chukua nanasi za kisiwa cha Idjwi zilizoiva. Juisi yake iliyokamuliwa kwa kawaida husoma karibu 1050, lakini usikisie, pima. Tuseme una lita 12 za 1050 na unataka lita 20 za 1090. Hesabu kwa nukta na lita: unataka 90 mara 20, ni 1800. Juisi inaleta 50 mara 12, ni 600. Pungufu ni 1200. Kilo moja ya sukari ikiyeyuka inaleta karibu 384. Gawanya 1200 kwa 384: kilo 3.1. Sukari nayo inachukua nafasi, karibu lita 0.62 kwa kilo, kwa hiyo kilo 3.1 zinakula karibu lita 1.9. Maji ya kuongeza ni lita 6 na kidogo, si 8. Wengi wanasahau nafasi ya sukari, wanajaza maji lita 8, wanapata lita 22 za 1082 na kushangaa kwa nini divai ya mwaka huu ni nyepesi.

Sukari iyeyuke yote kabla ya kupima. Iliyolala chini ya bidoni haihesabiwi na densimetre, lakini hamira itaifikia baadaye. Ukisoma 1070 huku kilo moja imelala chini, utaandika 10 kumbe una 12 na nusu. Ndiyo maana watu huiyeyusha kwa maji ya moto, na hapo ndipo kosa la pili linaingia. Densimetre nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20, nyingine kwa nyuzi 15. Imeandikwa kwenye karatasi yake ya ndani. Kwa ile ya 20, juisi ikiwa na nyuzi 25 ongeza nukta 1, nyuzi 30 ongeza 2 na nusu, nyuzi 35 ongeza 4, nyuzi 40 ongeza 6. Nyuzi 15, toa 1. Juisi ya nyuzi 60 inakuficha nukta 15 nzima, yaani asilimia 2 za kilevi. Bukavu ina bahati hapa: chumba cha kawaida kinacheza karibu na nyuzi 20, hivyo ukiiacha juisi ipoe usiku kucha huhitaji masahihisho yoyote. Tungekuwa Uvira, kwenye joto zaidi, tungeandika mengine.

Kosa la tatu ni nyama ya tunda. Vipande vya nanasi ndani ya bidoni vimeshika sukari yao. Hutoka polepole siku tatu nne zinazofuata, wakati hamira imekwisha anza kula. Namba ya mwanzo inakuwa ndogo kuliko ukweli. Nyuzinyuzi na uji wa ndizi nao huibana densimetre isisimame pake. Kamua, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, pima kilichochujwa. Kama lazima uchachushe na nyama, saga laini sana, koroga, subiri saa chache kabla ya kutia hamira, kisha chuja kidogo cha kupima.

Kusoma kunahitaji éprouvette, ule mrija mrefu wa kupimia, wa mililita 250. Ukiikosa, chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo inafaa, ila inakula zaidi ya lita moja ya divai. Itie densimetre taratibu, izungushe kwa vidole ili viputo vibanduke, subiri itulie bila kugusa ukuta. Macho yako yawe usawa wa maji. Maji hupanda kidogo kwenye shingo ya kioo. Soma chini, pale penye usawa, si pale yalipopanda. Divai inayochachuka imejaa gesi, na viputo huinua densimetre nukta kadhaa. Mimina kutoka kikombe hadi kikombe mara kumi kabla ya kupima. Kilichopimwa kinywe au kimwage, kisirudi kwenye bidoni. Kijiko kimoja cha bakteria wa siki kinatosha kuharibu lita 20.

Kuna densimetre zenye safu tatu: densite, sukari kwa lita, na "alcool probable". Safu hiyo ya tatu imedanganya wengi. Inasema kilevi utakachopata kama juisi ni ya zabibu na kama itamaliza kabisa. Hamira ya mkate mara nyingi huchoka karibu na 10 au 12, na ukiizidishia sukari inakufa na kuacha utamu. Safu ilisema 15, bidoni likasimama 1025 likiwa na 11, na mwenye nalo bado anaandika 15 kwenye chupa. Soma safu ya densite tu. Safu nyingine ni mapambo.

Namba ya mwisho inaaminika ikisimama. Pima leo, pima baada ya siku tatu, pima tena baada ya siku tatu nyingine. Ikiwa 996, 996, 996, imemaliza. Ikiwa 1012, 1010, 1009, bado inatembea, hata kama huoni kiputo kwenye tiyo. Kuifunga kwenye chupa hapo ni hatari: gramu 24 za sukari kwa lita, karibu nukta 9 za densimetre, zikichachuka ndani ya chupa iliyofungwa hufikisha mgandamizo wa shampeni, kama baa 6, na chupa ya bia haikutengenezwa kwa hilo. Ikipasuka, vipande vinaruka kwa nguvu ya kung'oa jicho.

Namba ya mwisho isomwe kabla ya kutia utamu. Hili tunalisema mara nyingi kwa sababu linarudi mara nyingi. Divai imefika 995, mtu anaiona kavu mno, anaongeza sukari au juisi mpaka 1015, ndipo anapima. Anatoa 1015 kwenye 1090, anapata nukta 75, anaandika 9.9. Kilevi hakikupungua, kilichobadilika ni uzito wa maji. Kilikuwa 12.5 na bado ni 12 na ushee. Kinyume chake, anayeongeza sukari katikati ya uchachushaji, kilo leo na kilo wiki ijayo, apime kabla na baada ya kila nyongeza na ajumlishe mishuko yote. Ikishuka 1080 hadi 1020, ikapandishwa hadi 1050, ikashuka hadi 1000, mishuko ni 60 na 50: jumla 110, zaidi ya asilimia 14. Anayesoma mwanzo na mwisho tu ataona 80.

Mtu akisahau siku ya kwanza, afanye nini? Njia ipo, lakini ni ya kazi na ya uvumilivu. Pima mililita 500 kamili za divai iliyotulia na kutolewa gesi, soma densite yake kwa nyuzi 20. Ichemshe taratibu kwenye mbabula, sufuria bila kifuniko, dirisha wazi, mpaka ibaki kama theluthi moja. Kilevi chote kimetoka. Isiungue, maana sukari ikiungua kazi imeisha. Ipoze, rudisha kwenye chombo kilekile, osha sufuria kwa maji kidogo na uyamimine humo, ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka mililita 500 kamili. Koroga, soma tena kwa joto lilelile. Namba itakuwa kubwa kuliko ya kwanza. Tofauti ya nukta 7 ni kilevi cha karibu 5; nukta 11 ni 8; nukta 13 na nusu ni 10; nukta 16 ni 12; nukta 18 ni 14.

Umeona tatizo? Hapa nukta 16 tu zinabeba asilimia 12, wakati njia ya siku ya kwanza inatumia nukta 90 na zaidi. Densimetre nyingi zina mistari ya nukta 2 mbili. Ukikosea mstari mmoja kwa njia ya kwanza, umekosea robo ya asilimia. Ukikosea mstari mmoja kwa njia ya kuchemsha, umekosea asilimia moja na nusu. Wenye jirani mwenye mizani ya dhahabu, na mjini kwetu si wachache, wana namna ya kujiponya: chukua kichupa cha kioo cha mililita 100, kijaze maji ya nyuzi 20 hadi ukingoni, pima, kikaushe, kijaze divai, pima, kikaushe, kijaze ile iliyochemshwa, pima. Uzito wa kila kimoja ukigawanywa kwa uzito wa maji, bila kichupa, ndio densite. Mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu inaona sehemu ya kumi ya nukta, na hapo jibu linakuwa la kuheshimika.

Vyombo vingine nivipitie haraka. Rifraktometa, inayopima sukari kwa mwanga, ya matone mawili na jua, ni nzuri shambani na siku ya kwanza. Baadaye kilevi hupinda mwanga kwa namna yake na divai kavu kabisa bado huonyesha Brix (kipimo chake cha sukari) 6 au 7, watu wakadhani sukari imebaki. Vinometre, kile kimrija chembamba cha bei rahisi, hukaribia ukweli kwa divai kavu pekee. Alkolometa ya mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac, iliyopewa maelezo yake mwaka 1824, ilitengenezwa kwa maji na kilevi bila kingine: wapika kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, wanaitumia sawasawa, lakini ukiitia kwenye divai yenye sukari inaelea juu na kusema sifuri. Na kwa hao wapika kanyanga, neno moja: methanoli na kilevi cha kunywa vina uzito unaokaribiana mno, 0.792 na 0.789. Alkolometa haiwezi kuvitofautisha, wala moto wa kiberiti hauwezi. Degre nzuri si ushahidi kwamba kinywaji ni salama.

Wengine wamesoma kwamba divai ya 12 huchemka karibu na nyuzi 91, basi wanatia kipimajoto kwenye sufuria. Hiyo ni namba ya pwani. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari na nyumba nyingi za Bukavu ziko juu zaidi. Maji matupu yenyewe huchemka hapa karibu na nyuzi 95. Anayefuata jedwali la pwani atakuta maji ya bomba yana asilimia 6. Chombo cha maabara kinachotumia njia hii, ebuliometa, huanza kwa kuchemsha maji ya siku hiyo na kuweka sifuri yake hapo. Densimetre haina habari na mlima.

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi na mtama, ni kesi ngumu. Inanyweka ikiwa bado inachachuka, imejaa unga wa mtama na gesi, na ya asubuhi si ya jioni. Ukitaka namba, pima juisi ya ndizi iliyochujwa kabla mtama haujaingia, ongeza hesabu ya maji yaliyotiwa, kisha chuja kikombe wakati wa kunywa, toa gesi, pima. Utapata kilevi cha saa hiyo tu.

Kuchanganya nako kuna hesabu. Lita 10 za 12 ukiongeza lita 1 ya kinywaji cha 45: 120 na 45 ni 165, gawanya kwa 11, ni 15. Densimetre ikitumbukizwa humo itashuka sana na fomula ya 7.6 itatoa upuuzi, maana kushuka huko hakukutoka kwenye sukari iliyoliwa. Hapo kalamu tu.

Kwenye daftari, mstari mmoja kwa bidoni unatosha: tarehe, tunda, lita, sukari, namba ya mwanzo na joto lake, kila nyongeza, namba tatu za mwisho na joto lao. Na kwenye chupa usiandike 12.47, hata kama kikokotoo cha simu kimeonyesha hivyo. Kwa densimetre ya mistari ya nukta 2, matunda yasiyo zabibu na kipimajoto cha kawaida, unajua kwamba ni kati ya 12 na 13. Andika 12.5, na kama chupa ni ya kuuzwa dukani, peleka sampuli maabara kabla ya kuchapisha lebo.